Mchanga wa Mto Una Faida Gani?

Mgeni akipita Machakos wakati wa kiangazi hudhani mito yetu haina maji. Kumbe maji yapo chini ya mchanga! Mama zetu huchimba kidogo tu wakayateka.

Siku hizi malori huja kuuchukua mchanga huo kwenda kujengea nyumba Nairobi na kwingineko. Vijana husema, "Si ni pesa ya haraka?" Mimi naona tunapata hasara, nami nitaeleza kwa nini.

Mvua ikinyesha, maji huingia kati ya chembe za mchanga na kukaa humo, jua lisiweze kuyakausha upesi. Hebu tupige hesabu. Tuseme lori moja limebeba mchanga wa mita 4 za ujazo. Mchanga huo ukiwa mtoni, kama robo yake yaweza kuwa maji, yaani lita 1,000. Hiyo ni mitungi 50 ya lita 20. Kwetu mvua hunyesha misimu miwili kwa mwaka, basi ni mitungi 100 kila mwaka. Maji hayo hunywesha ng'ombe na kumwagilia sukuma wiki na nyanya za kuuza sokoni. Lori nalo hulipiwa mara moja tu, na wapakiaji hugawana kidogo.

Tena, mto uliobaki mwamba mtupu hupitisha maji mbio. Kingo hubomoka, mashamba huliwa, na mama huenda mbali zaidi kutafuta maji.

Sasa tufanyeje? Sisemi watu wasijenge. Makueni, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi 1992, ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015. Nao wanakikundi wa Utooni, walioanza kazi 1978, wamejenga kuta za mawe na saruji mitoni kwa mwethya, yaani kazi ya kusaidiana. Kila mafuriko yakija, mchanga hunaswa nyuma ya ukuta na maji huongezeka.

Wenzangu, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Likizo ikifika, ukiitwa ukapakie lori, ikumbuke ile mitungi 100, kisha uwaulize wazee wa kwenu: mwethya wetu utaanza lini?