Kukwama, kuanguka, kunyamaza: kusoma hitilafu za mashine inayotuma vipimo kwenye intaneti

0. Utangulizi

Mashine ndogo ikiacha kutuma vipimo vya joto au vya mvua, husikika neno moja tu: « imekufa ». Neno hilo linafunika mambo matatu yaliyo mbalimbali, na anayeyachanganya hutafuta kosa mahali lisipo. Makala haya yanakusudia kuyatenganisha. Mfano wetu ni ESP8266, mikrokontrola ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, iliyoenea tangu mwaka 2014 kwa sababu ya bei yake nafuu na redio ya Wi-Fi iliyomo ndani yake.

1. Kukwama

Programu hukwama inapongoja jambo lisilotokea, kwa mfano jibu la kihisi ambacho waya wake umekatika. Katika ESP8266, prosesa moja hufanya kwa zamu kazi ya programu yetu na kazi ya Wi-Fi. Kwa hiyo mna saa ya ulinzi: programu isipoachia zamu kwa sekunde tatu hivi, saa hiyo huiwasha mashine upya. Dawa si kuizima saa ya ulinzi. Dawa ni kuwekea kila kungoja kikomo, na kuachia zamu ndani ya mizunguko mirefu.

2. Kuanguka

Programu huanguka inapotenda lililokatazwa. Hapo mashine huandika ujumbe kwenye waya unaoiunganisha na kompyuta, kisha hujiwasha upya. Ujumbe huo ni matini yenye sarufi yake. Namba 28 maana yake ni kwamba programu ilijaribu kusoma kwenye anwani ya kumbukumbu isiyoruhusiwa; 29, kwamba ilijaribu kuandika. Neno epc1 hutaja mahali pa amri iliyokuwa ikitekelezwa. Excvaddr hutaja anwani iliyoguswa. Anwani hiyo ikiwa sifuri au karibu na sifuri, yaelekea programu iliomba kumbukumbu, ikanyimwa, wala haikulitazama jibu.

Mbona inyimwe? Kumbukumbu ya kazi haizidi kilobaiti 80 hivi, na programu inayounganisha maneno kila dakika huikatakata. Mwenye vipande kumi vya kitenge, kila kimoja nusu mita, ana mita tano. Lakini hana mita mbili zisizokatwa. Basi tuandike kila saa hesabu mbili: jumla ya kumbukumbu iliyo wazi, na kipande kikubwa kuliko vyote. Ya kwanza ikibaki palepale huku ya pili ikipungua, chanzo kimejulikana: tutenge mapema nafasi ya ukubwa usiobadilika.

Tusisahau umeme. Redio inapotuma, yaweza kuvuta zaidi ya miliampea 300 kwa kitambo kidogo. Chanzo dhaifu kikishindwa, mashine hujiwasha upya bila ujumbe wenye maana.

3. Kunyamaza

Hapa programu ni nzima, ila mawasiliano yamekatika. Kipimo chake ni chepesi: kila ujumbe uchukue pia muda ambao mashine imekuwa macho, pamoja na sababu ya kuwashwa kwake mara ya mwisho. Baada ya ukimya, hesabu ikiendelea, mashine ilinyamaza tu. Ikianza upya, ilikwama, ilianguka au ilikosa umeme. Lakini tahadhari: hesabu ya milisekunde yenye biti 32 hurudi sifuri yenyewe kila baada ya siku 49.7.

4. Hitimisho

Jambo hili halihusu mafundi peke yao. Mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu mvua hutegemea vipimo hivyo, na pengo halitokei wakati wowote ovyo: umeme na mawasiliano hukatika hasa wakati wa dhoruba. Wastani uliokokotolewa bila saa hizo hupunguza mvua iliyonyesha, wala jedwali halionyeshi dalili yoyote. Afadhali pengo lililoelezwa kuliko wastani uliodanganya.

Kwa upande wetu sisi wanaisimu, tumeona kwamba vitenzi vitatu vya kila siku vimetosha kupambanua yale ambayo « imekufa » iliyafunika. Kulitaja kosa kwa jina lake ni hatua ya kwanza ya kulitengeneza.