RAMANI YA SHAMBA: JINSI YA KUIFAHAMU NA KUICHORA

Mtu akipanda kilimani na kutazama bondeni, huona nyumba, mto na mashamba kama vitu vidogo vilivyotandazwa chini yake. Ramani ni mfano wa hayo, ila mchoraji huwa kama ndege aliye juu ya kila mahali kwa wakati mmoja, na vitu vyote hupungua kwa kadiri moja. Kadiri hiyo ndiyo kipimo cha ramani. Katika ramani za Kenya za kipimo cha 1 kwa 50,000, sentimita 2 za karatasi ni kilometa 1 ya nchi. Shamba la mtu mmoja halionekani vema humo. Kwa shamba, sentimita 1 kwa mita 10 yatosha.

Njia nzuri ya kuifahamu ramani ni kuichora mwenyewe. Kwanza ijue hatua yako: tembea mita 100 ukihesabu. Hatua zikiwa 125, kila moja ni sentimita 80. Kisha uzunguke mpaka, ukiandika hatua za kila upande.

Hapa wengi hukosea, wakidhani kwamba pande nne zatosha. Funga vijiti vinne kwa uzi kwenye ncha zake, nawe utaona kwamba umbo lake lainama huku na huku, na urefu wa vijiti haubadiliki. Basi pima pia toka pembe moja hadi pembe inayoielekea, kupita katikati ya shamba. Sasa unazo pembetatu mbili, na pembetatu haiinami. Chora mstari huo wa katikati kwanza. Halafu kwa bikari, au kwa uzi uliofungwa kalamu ya risasi, tafuta mahali pande zinapokutana. Ili kujua kaskazini, nyosha mkono wa kuume kuelekea jua linapochomoza katika mwezi wa Machi au wa Septemba. Kaskazini i mbele ya uso wako.

Liko jambo moja ambalo limewagombanisha majirani wengi katika nchi za milima, kama Murang'a na Kisii. Mtu hupima shamba lake kwa hatua, hulinganisha na ramani ya Serikali, huona limepungua, naye humshuku mpimaji, au vibaya zaidi, humshuku jirani. Lakini ramani huhesabu nchi kama ionekanavyo toka juu, si kama mguu unavyoikanyaga. Mteremko wa mita 100 unaoshuka mita 28 huwa mita 96 tu katika ramani. Mita 4 hizo hakuna aliyeziiba. Kwa hiyo penye mteremko acha hatua. Tumia kamba, uinyoshe sawasawa kama maji yaliyotulia, kwa vipande vifupi, ukishusha jiwe lililofungwa uzi ili kujua ncha ya kamba imeangukia wapi.

Tena, kwa Sheria ya Uandikishaji wa Ardhi ya mwaka 2012, ramani ya mashamba huonyesha mpaka kwa kukadiria tu, isipokuwa imeandikwa katika daftari kwamba mpaka huo umethibitishwa. Mkibishana na jirani, pelekeni shauri kwa Msajili wa Ardhi kabla ya kwenda mahakamani. Mchoro wako hautakata shauri hilo, lakini utakuwezesha kuonyesha kwa kidole ni upande upi unaobishaniwa.