Maktaba ya programu bila leseni haimfaidi yeyote

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo inawahusu pia vijana wetu wanaoandika programu za tarakilishi na kuziweka mtandaoni wakiamini kwamba, maadamu kila mtu anaweza kuzisoma, basi kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia.

Imani hiyo haina mashiko. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inaihesabu programu ya tarakilishi miongoni mwa kazi za fasihi, sawa na riwaya au tamthilia. Hakimiliki huanza punde msimbo unapoandikwa, na hudumu kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mwandishi. Pasipo ruhusa yake, anayeinakili, kuibadilisha au kuisambaza kazi hiyo anajiweka katika hatari ya kushtakiwa. Ruhusa hiyo inapoandikwa ndipo tunapata leseni.

Suala hili lina uzito zaidi kwa maktaba za programu. Maktaba, katika lugha ya tarakilishi, ni mkusanyiko wa maagizo yaliyokwisha kuandikwa ambayo programu nyingine huyatumia. Seremala hafui misumari yake mwenyewe, huinunua dukani. Vivyo hivyo, anayeunda programu ya benki au ya hospitali huchukua maktaba iliyopo ya kubana faili au kusoma picha. Kwa hivyo, masharti ya maktaba moja huenda yakazigusa maelfu ya programu zilizojengwa juu yake.

Aina tatu za leseni

Leseni za programu huria zimegawika katika makundi matatu makuu. Ifahamike kwamba huria hapa si bei, bali ni uhuru wa kutumia, kuchunguza, kubadilisha na kusambaza.

Kundi la kwanza ni la leseni nyepesi, mathalan MIT na BSD. Yeyote anaweza kuitumia maktaba, hata katika programu ya kuuzwa ambayo msimbo wake umefichwa, mradi adumishe tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni. Apache 2.0, iliyotolewa mwaka wa 2004, imo katika kundi hili, na inaongeza ruhusa ya wazi kuhusu hataza.

Kundi la pili linawakilishwa na GPL, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1989 na wakfu ulioasisiwa na Richard Stallman nchini Marekani. Kwa mujibu wa wakfu huo, anayesambaza programu iliyounganishwa na maktaba yenye leseni hii sharti aitoe programu yake nzima kwa masharti yayo hayo.

Kundi la tatu ni la kati na kati. LGPL ilitolewa mwaka wa 1991 mahususi kwa ajili ya maktaba. Programu iliyofungwa inaruhusiwa kuitumia maktaba ya aina hii, lakini anayeibadilisha maktaba yenyewe na kuisambaza hana budi kuyaweka wazi mabadiliko hayo. Aidha, mtumiaji lazima aweze kuibadilisha maktaba hiyo na kutumia toleo alilolirekebisha.

Funzo la Qt

Uzito wa uamuzi huu ulidhihirika katika maktaba ya Qt, iliyoundwa na kampuni ya Trolltech ya Norway. Mwaka wa 1996, mradi wa KDE ulianza kuitumia kuunda mazingira ya kazi ya tarakilishi za Linux. KDE yenyewe ilikuwa huria, ila Qt haikuwa huria wakati huo. Wapinzani walihofia kujenga nyumba katika kiwanja cha mwingine, na mwaka wa 1997 wakaanzisha mradi mwingine, GNOME. Trolltech ililegeza masharti hatua kwa hatua hadi ikaongeza GPL mwaka wa 2000. Mwaka wa 2009, ikiwa chini ya Nokia, Qt ilipata LGPL. Hata hivyo, wakati huo miradi hiyo miwili ilikuwa imekwisha kushika njia tofauti.

Kubadilisha leseni baadaye si jambo jepesi. Kila aliyechangia msimbo ana hakimiliki ya sehemu yake, isipokuwa awe ameihamisha. Wasimamizi wa OpenSSL, maktaba inayolinda mawasiliano ya mtandaoni, walianza kuwatafuta mamia ya wachangiaji mwaka wa 2017 ili kupata idhini yao. Toleo la kwanza chini ya Apache 2.0 lilitoka mwaka wa 2021. Fauka ya hayo, leseni mpya haiwanyang'anyi watu haki walizopewa katika matoleo ya awali.

Hatua za kufuata

Kabla ya yote, mwandishi ahakikishe kwamba kazi ni yake. Sheria ya Kenya huchukulia kwamba hakimiliki ya kazi iliyofanywa katika ajira, au iliyoagizwa kwa malipo, imehamia kwa mwajiri au mwagizaji, ila pale ambapo mkataba unasema vingine. Aliyeandika maktaba kazini basi aombe idhini ya maandishi kwanza.

Pili, achunguze iwapo msimbo alioazima kwingine unaafikiana na leseni anayoitaka. Tatu, achague leseni inayojulikana badala ya kujitungia yake, kwani maneno yasiyo wazi huwatia hofu mawakili wa kampuni zinazotaka kuitumia maktaba. Mwisho, aweke maandishi kamili ya leseni katika faili ya pekee ndani ya mradi, pamoja na mwaka na jina la mwenye hakimiliki.

Kazi hiyo huchukua dakika chache tu. Bila hiyo, maktaba nzuri inaweza kusomwa na wengi, lakini kampuni makini, chuo au serikali ya kaunti haitathubutu kuitia katika mifumo yake.