Ng'ambo ya Uthiru: Kuishi na Kufanya Biashara Kiambu Magharibi (Sehemu ya 2)

Yai la kuchemsha linalouzwa jioni kwenye toroli kando ya Barabara ya Tom Mboya, likapasuliwa kwa kisu na kutiwa kachumbari na pilipili, mara nyingi limepitia Wangige. Soko hilo liko Kiambu, chini ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Asubuhi na mapema trei hupangwa pale hadi kufika kifuani, kila trei mayai 30. Mnunuzi mzoefu hainunui safu ya juu peke yake. Huinua trei mbili tatu akague za chini, maana ndiko yanakojificha yenye nyufa. Kisha vijana wa boda huzifunga kwa mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu na kushuka nazo Kangemi, Kawangware na Gikomba.

Wiki iliyopita tuliangalia jinsi kodi ya nyumba inavyowahamisha watu Kilimani na Lavington. Leo tuvuke Uthiru, tufike Kinoo, Kikuyu, Wangige na Limuru, tuulize kinachowavuta huko. Wengi hujibu kwamba ni bei ya ploti. Mimi naona bei ni sehemu ndogo ya jibu. Kinachoipa sehemu hii thamani ni kwamba shamba na soko vimekaribiana kiasi cha mtu mmoja kuvihudumia vyote kwa siku moja.

Mambo hayo yana chanzo chake. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Limuru inapita mita 2,200. Huko juu ni baridi, ukungu na udongo mwekundu usiochoka upesi. Chai ya kwanza nchini ilipandwa Limuru mwaka 1903. Reli ya Uganda ilikuwa imeshapita Kikuyu na Limuru, na barabara ikafuata njia hiyo hiyo, hivyo mazao hayakuwahi kukosa pa kupitia. Siku hizi kuna pia barabara mbili za kuukwepa mji: ya Kusini, inayotoka Mombasa Road hadi Kikuyu, na ya Magharibi, kutoka Gitaru kupitia Wangige hadi Ruaka. Zamani gari la mzigo lililotoka Gitaru kwenda Ruaka lilipitia vijia vyembamba vya mashambani, au lilishuka hadi Westlands na kupoteza asubuhi nzima kwenye msongamano.

Kwa hiyo anayenufaika zaidi ni yule ambaye kazi yake inaunganisha pande zote mbili: mfugaji wa kuku wa mayai, mwenye ng'ombe watatu wa maziwa na kipande cha mabingobingo, mwotesha miche ya sukuma wiki na spinachi, fundi mwenye karakana inayohitaji uwanja kuliko dirisha la barabarani. Anayejenga huko ili alale tu, kisha kila alfajiri apande matatu kwenda mjini, amehamisha kitanda tu. Nauli na saa za foleni humrudishia ile gharama aliyodhani ameikimbia. Hata mfugaji naye asidhani ni mteremko. Mayai kutoka Uganda, ambako lishe ni nafuu, huingia sokoni na kushusha bei, na asiyejua gharama yake kwa kila trei hugundua hasara akiwa amechelewa.

Sasa tuje kwenye ardhi, ambako watu wengi huumia. Sehemu kubwa ya Kiambu magharibi bado ni ardhi ya kilimo kisheria, hata pale unapoona maghorofa. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 inataka uuzaji, ukodishaji au ugawaji wa ardhi kama hiyo upate kibali cha bodi ya ardhi ya eneo husika, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mapatano. Bila kibali, sheria inayahesabu mapatano hayo kuwa batili, na mnunuzi hubaki kudai pesa zake kama deni. Bodi nyingi hutaka kumwona mke au mume wa muuzaji, na watoto wake watu wazima pia. Usiudharau utaratibu huo. Huku mashamba hugawanywa kwa urithi kizazi baada ya kizazi, na ndugu ambaye hakuulizwa ndiye atakayekuja na wakili baada ya wewe kumwaga msingi. Kabla ya kulipa chochote, rekodi zipekuliwe katika ofisi ya ardhi. Cheti cha hisa cha kampuni iliyokata ploti za hamsini kwa mia si hatimiliki. Ukitaka kujenga nyumba za kupangisha au ghala, omba kaunti ibadilishe matumizi ya ardhi kwanza.

Kuhusu ada za kaunti, mwenye biashara ana sauti kuliko anavyodhani. Aprili 2014 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliitupilia mbali Sheria ya Fedha ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tangu hapo, kikao cha kujadili ada mpya si cha kukosa.

Lakini linalonitia wasiwasi kuliko yote ni maji. Karibu na mji wa Kikuyu kuna kinamasi cha Ondiri, chanzo cha Mto Nairobi, ule ule unaofika Gikomba ukiwa mweusi. Wakulima huvuta maji hapo kwa pampu, na nyumba zinavyozidi kupanda miteremkoni ndivyo mashimo ya maji taka yanavyozidi. Wakazi wamepanda mianzi na miti ya kiasili kukilinda. Kila ploti inayouzwa humega kidogo kile kilichomleta mnunuzi. Sisemi watu wasihamie. Nasema kaunti isiidhinishe nyumba za kupangisha pasipo mfereji wa maji taka, na mnunuzi amwulize dalali kuhusu choo na kisima kabla ya kuuliza kuhusu lami.

Wiki ijayo: Ngong na Kiserian, upande wa Kajiado, ambako ardhi ina historia nyingine kabisa.