Chunjua za Ngozi: Asili Yake na Namna ya Kuziponya

Ni watu wachache ambao hawajapata kuona chunjua. Ni kile kinundu kigumu chenye kukwaruza, kiotacho juu ya vidole, viganja au magoti, au chini ya nyayo, hasa kwa watoto wa shule. Aghalabu hakiumi. Lakini kwa kuwa huota bila homa wala kidonda, na pengine kimoja huzaa kumi, watu wametafuta sababu yake kila mahali. Wengine husema mtoto alishika chura, kwa maana ngozi ya chura nayo ina vinundu. Wengine humshuku jirani. Maneno hayo yangekuwa ya kuchekesha tu, kama yasingewapeleka watu kwenye wembe.

Jioni moja baba humshika mtoto, mama hushika taa, na mjomba huikata chunjua. Damu humwagika, mtoto hulia, na wote hudhani kazi imekwisha. Baada ya miezi michache chunjua tatu zimeota pale palipokuwa na moja. Kwa nini? Hapana budi kwanza tujue chunjua ni kitu gani.

ASILI YA CHUNJUA

Mwaka 1907 daktari mmoja wa Italia, Giuseppe Ciuffo, alisaga chunjua, akayachuja maji yake katika chujio lenye matundu madogo mno hata bakteria haiwezi kupita. Kisha akayatia maji yale katika ngozi yake mwenyewe, na baadaye chunjua zikaota. Hivyo ikajulikana kwamba chunjua huletwa na kijidudu kilicho kidogo kuliko bakteria, yaani virusi. Siku hizi virusi hivyo huitwa HPV, na aina zake zilizokwisha kutambuliwa ni zaidi ya 200. Kila aina ina mahali ipendapo kukaa: nyingine mikononi, nyingine nyayoni, nyingine sehemu za siri. Chura hahusiki hata kidogo.

Virusi hivi huingia mahali ngozi ilipokwaruzika au ilipolainika kwa maji. Hupita kwa kugusana, kwa kutumia taulo moja, au kwa kukanyaga bila viatu sakafu yenye maji ya bafu itumiwayo na wengi. Mtoto atafunaye kucha hujiambukiza mwenyewe kutoka kidole hata kidole. Tangu virusi kuingia hata chunjua kuonekana, huweza kupita miezi miwili au mitatu, na pengine zaidi. Ndiyo sababu mtu hakumbuki alikoipata.

Basi mkataji wa wembe hutawanya virusi katika kingo za jeraha. Zaidi ya hayo, wembe uliotumiwa kwa watu wawili waweza kuchukua virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini, na kidonda kichafu chaweza kuleta pepopunda. Wengine hupaka utomvu wa mnyaa au tindikali ya betri. Vitu hivi huunguza ngozi nzima pamoja na ile mbaya, na utomvu wa mnyaa ukiingia machoni waweza kupofusha.

Chini ya nyayo chunjua husukumwa ndani na uzito wa mwili, na mtu huona kama anakanyaga kokoto. Humo huonekana vitone vyeusi. Watu huvidhania kuwa mizizi, au funza, wakavichokoa kwa pini. Vitone hivyo ni damu iliyoganda katika mishipa midogo, wala hakuna mzizi wa kung'oa.

NAMNA YA KUIPONYA

Mwili wenyewe una askari wake. Kwa watoto, yapata thuluthi mbili za chunjua hupotea zenyewe katika muda wa miaka miwili. Hapo ndipo dawa nyingi zisizo na nguvu zilipopata sifa: mtu alifunga uzi, chunjua ikaondoka kwa wakati wake, na uzi ukasifiwa. Kwa hiyo chunjua isiyosumbua yaweza kuachwa.

Kama inasumbua, dawa ya kwanza ni asidi ya salisiliki, ipatikanayo katika duka la dawa. Hutumiwa hivi kila siku:

1. Loweka mahali penye chunjua katika maji ya vuguvugu kwa dakika tano, ukafute.
2. Sugua polepole ngozi iliyokufa kwa tupa ya kucha. Usitoe damu, wala tupa hiyo isitumiwe na mtu mwingine.
3. Paka mafuta mazito, kama Vaseline, pembeni ili kulinda ngozi nzima.
4. Paka dawa juu ya chunjua tu, uiache ikauke.

Kazi hii huhitaji hata wiki 12. Haba na haba hujaza kibaba. Ngozi ikiuma na kuwa nyekundu, pumzika siku chache, kisha uendelee. Kwa mtoto mdogo, uliza kwanza kwa mhudumu wa afya. Dawa hii isipakwe usoni wala sehemu za siri, na mwenye ugonjwa wa kisukari asiitumie miguuni bila shauri la daktari. Katika hospitali kadha wa kadha chunjua hugandishwa kwa nitrojeni iliyogeuzwa kuwa maji, yenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri.

YASIYO YA KUNGOJA

Si kila kinundu ni chunjua. Kinundu kinachotoka damu, kinachokua upesi, au kinachoota kwa mtu mzima mahali pachomwapo na jua, na kionyeshwe kwa daktari. Jambo hili ni kubwa zaidi kwa mwenye ualbino, kwa kuwa saratani ya ngozi huweza kuanza kwa sura ndogo kama hiyo. Mtu aotaye chunjua nyingi kwa ghafula yafaa apimwe, maana pengine askari wa mwili wake wamedhoofika. Chunjua za sehemu za siri nazo ni za kutibiwa na mhudumu wa afya, bila kuona haya. Aina nyingine za virusi vya jamii hii huleta saratani ya mlango wa kizazi, na kwa ajili ya kuizuia Kenya ilianza mwaka 2019 kuwachanja wasichana wa miaka 10.

Basi, mzazi aonapo chunjua mkononi mwa mwanawe, asimkaripie wala asimshuku jirani. Amkataze kuitafuna na kuikwaruza, ampe taulo lake mwenyewe, aanze dawa kwa subira, na wembe aurudishe mahali pake.