Kikohozi Kambini

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mwandishi wa riwaya ya mapenzi ya kihistoria anayewachagua wanaume wawili, wote maafisa wa jeshi, kuwa wapenzi, anaitia methali hiyo katika mtihani mgumu. Kikohozi ni kilekile, ila hapa anayekisikia anaweza kumpeleka mkohoaji kwenye kitanzi.

Mfano mzuri ni Lord John and the Brotherhood of the Blade, riwaya ya mwaka 2007 ya Mmarekani Diana Gabaldon. Mhusika wake mkuu, Lord John Grey, ni meja wa jeshi la Uingereza mwaka 1758, wakati wa Vita vya Miaka Saba. Mama yake anakaribia kuolewa na jenerali. Mtoto wa kambo wa jenerali huyo, Percy Wainwright, anajiunga na kikosi cha John akiwa afisa, na wawili hao wanapendana. Nyumbani ni ndugu, kambini ni mkubwa na mdogo wake kwa cheo. Hakuna mahali wanapoweza kuitana wapenzi.

Uzito wa siri yao unaanzia kwenye sheria. Mwaka 1533, enzi za Mfalme Henry wa Nane, Bunge la England lilifanya kujamiiana kwa wanaume kuwa kosa la kunyongwa. Mwaka 1726 ilivamiwa nyumba ya Margaret Clap jijini London, walimokuwa wakikutana wanaume waliopenda wanaume. Watu wapatao 40 walikamatwa, na mwezi Mei watatu wakanyongwa Tyburn kwa ushahidi wa wachongezi. Ushahidi wa tendo lenyewe ulipokosekana, mtu alihukumiwa kwa kujaribu, akasimamishwa hadharani kichwa na mikono vimebanwa kwenye ubao, umati ukimvurumishia matope na mawe. Adhabu ya kifo kwa kosa hilo haikufutwa hadi mwaka 1861.

Jeshi liliongeza hasara juu ya hofu hiyo. Maafisa wengi wa askari wa miguu na wa farasi walinunua vyeo vyao kwa fedha taslimu, na utaratibu huo ulidumu hadi 1871. Aliyeondoka kwa heshima alikiuza cheo na kupata akiba ya uzeeni. Aliyefukuzwa kwa aibu alipoteza yote. Kwa hiyo luteni anayemtazama mwenzake kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo desturi anaweka rehani shingo yake, jina la baba yake na mali ya ukoo. Mwandishi anayeyajua hayo hahitaji kurasa kumi za mahaba, kwa kuwa mkono mmoja uliogusa mkono mwingine wakati wa kupokezana ramani unatosha kumkosesha msomaji usingizi.

Tena kambini nani yuko peke yake? Hema ni kitambaa, na taa ikiwaka ndani kivuli huonekana nje. Afisa ana mtumishi anayemvua buti usiku na kumletea maji ya kunyolea alfajiri. Huyo ndiye anayejua shati lipi lina harufu ya mtu mwingine na kitanda kipi hakikulaliwa. Siri ya mtungi aijuaye kata. Gabaldon amempa John mtumishi kijana, Tom Byrd, mwaminifu na mwenye macho makali. Kila Tom anapoingia, msomaji hujiuliza ameona nini leo, kisha hushusha pumzi kwa kuwa kijana huyu anampenda bwana wake.

Kikohozi kinasikika kikosi kikiwa Ujerumani. Percy anafumaniwa na mwanamume mwingine, na habari zinafika kwa wakubwa. John amesalitiwa na mpenzi wake, na papo hapo yeye ni afisa anayetazamiwa kusema ukweli utakaomnyongesha Percy. Kunyamaza ni kuvunja kiapo, na kusema ni kumuua aliyempenda. Humo ndimo ninamoiona thamani ya riwaya za aina hii. Siri inampima mtu mahali palepale anapojivunia zaidi, kwenye heshima yake.

Ndiyo maana nasikitika ninapokuta riwaya ambayo wapenzi wa karne ya 18 wanazungumza kwa uhuru wa siku hizi, hakuna mtumishi mlangoni, hakuna sheria mezani. Mwandishi wa namna hiyo amewanyang'anya wapenzi wake ujasiri wao, kwani asiye na cha kupoteza hawezi kuitwa jasiri.

Sheria hiyo nayo ilisafiri na dola. Iliingia katika kanuni ya adhabu ya India mwaka 1860, na baadaye katika kanuni za kikoloni za Afrika Mashariki, na vifungu vyake bado vimo katika sheria za Kenya na Tanzania. England na Wales zililegeza sheria mwaka 1967, lakini wanajeshi hawakuhusishwa. Iliwabidi waliofukuzwa jeshini kwa sababu hiyo waende hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoamua kwa upande wao mwaka 1999. Afisa wa Uingereza aliyempenda afisa mwenzake alilazimika kukizuia kikohozi chake hadi Januari 2000, marufuku hiyo ya jeshi ilipoondolewa.