Samurai Jukwaani: Noh, Kabuki na Tabaka la Wapiganaji wa Japani

Samurai walianza kama wapiganaji wa mikoani, mahodari wa farasi na upinde, waliotumikia koo kubwa zenye ardhi. Mwaka 1185 ukoo wa Minamoto uliuangamiza ukoo wa Taira, na mwaka 1192 Minamoto no Yoritomo alipewa cheo cha shoguni, yaani amiri mkuu wa majeshi. Kuanzia hapo hadi 1868, nchi ilikuwa mikononi mwa watu wa upanga kwa sehemu kubwa, huku kaizari akibaki Kyoto na heshima nyingi kuliko madaraka.

Watawala hao walikuwa na nguvu, lakini mabwana wa kasri ya kaizari waliwaona washamba. Sanaa iliwasaidia kuifuta dosari hiyo. Karibu na mwaka 1375, shoguni kijana Ashikaga Yoshimitsu alitazama maonyesho ya kundi la Kan'ami, wachezaji wa michezo ya sherehe, jijini Kyoto, akavutiwa nalo, na hasa na mwana wa kiongozi wake, Zeami. Aliwachukua chini ya ulinzi wake, ingawa waungwana walinung'unika kumwona mtawala akikaa pamoja na watoto wa wachezaji wa mitaani. Kwa mkono wa Zeami michezo ile ya sherehe ikawa noh, tamthilia ya ushairi, ngoma na mwendo wa taratibu. Ulinzi wa wakubwa, hata hivyo, haukuwa wa kutegemewa: mwaka 1434, chini ya shoguni mwingine, Zeami akiwa mzee alihamishiwa kisiwa cha Sado.

Jukwaa la noh ni la mbao tupu, lina paa lake, na ukutani nyuma umechorwa msonobari mmoja. Mchezaji mkuu huvaa kinyago kidogo kuliko uso, kiasi kwamba kidevu huonekana chini yake. Akikiinua kidogo, sura hung'aa. Akikiinamisha, huingia huzuni. Katika *Atsumori*, mchezo wa Zeami, shujaa aliyemuua kijana wa ukoo wa Taira vitani mwaka 1184 amekwisha kuwa mtawa, na mzimu wa marehemu unamjia. Mwishoni mzimu unainua upanga, kisha unaomba uombewe. Ajabu ni kwamba watu walioishi kwa kuua ndio waliopenda kutazama mateso ya waliouawa.

Vita vilipokoma chini ya ukoo wa Tokugawa, ulioshika ushoguni mwaka 1603, noh ilifanywa sanaa rasmi ya serikali. Wachezaji walilipwa mpunga kama watumishi wengine, na watu wa kawaida waliiona kwa nadra. Samurai wenyewe waligeuka makarani wenye panga mbili kiunoni. Malipo yao yalihesabiwa kwa mpunga ilhali mahitaji ya mjini yalitaka fedha, na wengi wakazama katika madeni ya wafanyabiashara, watu waliokuwa chini yao kwa cheo.

Wafanyabiashara hao walikuwa na burudani yao. Mwaka huohuo wa 1603, mwanamke aitwaye Okuni alicheza Kyoto dansi za vichekesho akiwa amevaa kiume, na hapo ikazaliwa kabuki. Serikali iliwapiga marufuku wanawake jukwaani mwaka 1629 na wavulana mwaka 1652, hivyo wanaume watu wazima wakabaki kucheza nafasi zote. Samurai hawakutakiwa kuonekana katika kumbi za kabuki. Waliokwenda walificha nyuso. Mwaka 1714, Ejima, mwanamke wa cheo kikubwa katika nyumba ya shoguni, aliponaswa katika kashfa na mwigizaji, wote wawili walifukuzwa Edo, mji wa shoguni, na ukumbi wa Yamamura ukafungwa kabisa.

Lakini ni kumbi hizo, pamoja na za vikaragosi, zilizoijenga sura ya samurai inayojulikana leo. Mwaka 1701 bwana Asano alimjeruhi ofisa Kira ndani ya ngome ya Edo, akaamriwa kujipasua tumbo siku hiyohiyo. Wafuasi wake 47 walingoja karibu miaka miwili, wakamuua Kira, nao karibu wote wakahukumiwa kujiua. Sheria ilikataza kuonyesha mambo ya koo za samurai za wakati huo, kwa hiyo mchezo *Kanadehon Chushingura*, uliotoka Osaka mwaka 1748 kwa vikaragosi na kisha kabuki, uliyahamishia karne ya 14 na kubadili majina. Katika tukio moja kiongozi wa wafuasi anajifanya mlevi katika nyumba ya starehe. Mwenzake wa zamani, sasa jasusi wa adui, anampa kipande cha pweza usiku wa kuamkia kumbukumbu ya kifo cha bwana wao, wakati ambapo nyama na samaki ni mwiko. Kiongozi anakimeza bila kupepesa. Hakuna pambano la upanga katika mchezo wote linalopima utii kwa ukali kama tonge hilo.

Baada ya utawala wa mashoguni kuanguka mwaka 1868, tabaka la samurai lilivunjwa. Mwaka 1876 walikatazwa kubeba panga na posho zao zikasitishwa. Wachezaji wa noh walipoteza walinzi wao, na baadhi wakauza vinyago na mavazi. Kabuki ilipanda daraja: mwaka 1887 kaizari Meiji alitazama *Kanjincho*, kisa cha shujaa Benkei anayempiga bwana wake ili kumficha kwa walinzi wa mpaka, mchezo ambao kabuki iliuchota kutoka noh mwaka 1840. Noh nayo iliokolewa na wachezaji wachache wavumilivu na wakubwa wa serikali mpya, na shule ya Kanze, inayotokana na Kan'ami na Zeami, ingali inacheza.